Mlango wa Kwanza wa Zumari

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Hadithi hii ina watu watatu wenye haki sawa, na mkimkosa mmoja kwa sababu mlikuwa mnasoma ujumbe, mtakuja kuhukumu kama kamati.

Wa kwanza ni Mize, aliyejaliwa pua. Akipita nje ya nyumba yako anakwambia kama wali umeungua au unakaribia kuungua. Wa pili ni Nesi Veneranda wa zahanati, aliyejaliwa macho, yale ya kutazama mtu anafanya nini wakati wengine wanasikiliza anasema anafanya nini. Wa tatu ni Sudi, mpiga ngoma, aliyejaliwa mdundo: akitembea nawe hakutangulii wala habaki nyuma.

Katikati yao yupo Mzee Vuai, mpiga zumari, baba mkwe wa Mize na mtani wa Sudi tangu utotoni. Mzee huyu alikuwa na pumu. Zamani ilimjia kama mgeni wa Idi. Baadaye ikahamia kabisa, na zumari ikaning'inia ukutani hata buibui wakaizoea.

Mwaka pumu ilipombana zaidi, mkewe, Bi Kazija, naye alikuwa kitandani, akiondoka duniani polepole. Siku moja akamwambia, "Nipigie ule wa kwetu." Alikusudia wimbo ambao Vuai, akiwa kijana, aliupiga mlangoni kwa kina Kazija mpaka wazee wa nyumba wakachoka, wakamwoza binti yao. Mzee akaichukua zumari, akaiweka mdomoni. Pumzi haikuja. Basi akavichezesha vidole tu juu ya matundu, kimya, wimbo mzima, na Bi Kazija akavitazama vidole vile mpaka mwisho.

"Nimeusikia," akasema. Alikuwa mtu wa heshima. Wiki ileile akazikwa.

Tangu hapo Mzee Vuai alitaka kitu kimoja, pumzi ya kutosha wimbo mmoja. Na kwa kuwa aliitaka sana, aliitaka leo. Akapita muuza dawa mwenye kipaza sauti, mtu anayetibu pumu, mikosi na kufeli mitihani kwa chupa ileile. Mzee akanywa chupa nzima ya mafuta ya mbuni. Pumu haikuondoka. Walioondoka ni wageni waliokuja kumjulia hali, kwa ile harufu.

Ndipo Mize akasema, "Baba, kikohozi chako kina saa zake. Kinaanza nikiwasha kuni."

"Meko ya nyumba hii yapo ndani tangu enzi za bibi yangu, mwanangu."

"Na bibi alikufa na nini?"

Mzee akafikiri. "Alikuwa akikohoa."

Mize akahamishia meko uani, jiwe baada ya jiwe, na mvua iliponyesha akapika kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mwavuli. Akaanika godoro juani, akatoa mazulia yote, akakataza udi. Majirani wakasema amemfanya mkwewe aishi kama yuko mahabusu. Kikohozi cha jioni kikapungua, lakini pumzi ya zumari haikuja.

Nesi Veneranda alikuwa amempa mzee dawa ya kuvuta ya kila siku, ile unayotumia hata siku usiyosikia kitu. Kila akimuuliza, mzee alijibu kwamba anaitumia kama alivyoambiwa. Safari hii Nesi akamfuata nyumbani. "Nioneshe."

Mzee akaiweka mdomoni, mashavu yakatuna, akapuliza. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuweka kitu mdomoni akakivuta.

"Mzee wangu," akasema Nesi, "unaipigia dawa zumari. Nyumba hii haina pumu kabisa. Kuta zote zimepona. Umebaki wewe."

Akatoboa chupa tupu ya maji, akaipachika dawa kwenye tundu, akamfundisha kuvuta taratibu kwa mdomo wa chupa, kubana, kuachia, na kusukutua mdomo. Akawa anapitia pale kila jioni akirudi kwake, kwa sababu mazoea ya mdomo hayaondoki kwa kuambiwa mara moja. Mzee alipopata nafuu akasema, "Nimepona, naiacha."

"Umetulia," akasema Nesi. "Kupona ni neno lingine. Vuta."

Na Sudi? Sudi alifika asubuhi na bakora, akasema, "Twende mpaka nguzo ile ya umeme."

"Ile tu? Kobe atatucheka."

"Kobe hana pumu, bwana. Inuka."

Wakaenda mpaka nguzo ya kwanza, wakakaa, wakasema watu, wakarudi. Walipoizoea wakaongeza ya pili. Kuna siku Vuai, kwa kiburi cha mbele za watu, alimwacha mwenziwe nyuma akapita nguzo kadhaa kwa haraka, na alirudishwa nyumbani juu ya mkokoteni wa muuza madafu. Kesho yake Sudi alisimama mlangoni kama kawaida. "Tunaanza nguzo ya kwanza." Hakumtania hata neno moja, na kwa mtani hilo ni jambo zito kuliko kubeba mtu mgongoni.

Hivyo, kidogo kidogo, pumzi ikarudi, ikafika urefu wa wimbo mmoja. Na hapo matatizo yakaanza.

Katika mji ule, zumari iliyonyamaza muda mrefu hufunguliwa kwenye mlango mmoja, na inasemwa kwamba wimbo ule wa kwanza humwita nyumbani aliye mbali na mlango huo. Wa pili ni muziki tu. Mize aliolewa na mtoto wa Mzee Vuai, na mumewe amekwenda kutafuta kazi Mwanza, simu zake zimeanza kuwa fupi. Nesi Veneranda amemwacha bintiye Songea kwa bibi yake. Kila akiomba uhamisho anajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa, na limepokelewa hivyo tangu mtoto hajaota meno. Sudi aligombana na ndugu yake kwa maneno ambayo wote wawili wameshayasahau, na ndugu akavuka bahari kwenda Ngazija.

Mtendaji wa Kata, kusikia hayo, akaunda Kamati ya Uratibu wa Mlango. Kamati ikakutana, ikanywa chai, ikaamua kwamba ili kuepusha upendeleo zumari ipigwe mlangoni pa ofisi ya kata, maana ofisi ni ya wananchi wote. Ila kupiga muziki mbele ya ofisi ya umma kunahitaji kibali cha Mtendaji. Mtendaji akajiandikia barua ya maombi, na mpaka leo anasubiri ajijibu.

Kamati haikujua kitu kimoja. Nyumba ile ya ofisi, kabla serikali haijaipaka rangi, ilikuwa nyumbani kwa kina Kazija. Mlango ndio ule ule.

Siku ya kuifungua zumari ilipofika, wote wanne wakasimama njia panda.

"Baba," akasema Mize, "aliye mbali na mlango wetu ni mwanao."

"Mimi mambo ya milango siyaamini," akasema Nesi. Kisha akaongeza, "Wangu ni ule wa bluu, kama kuna mtu anataka kujua."

"Nami ngoma nitaipiga popote utakaposimama," akasema Sudi. "Ila kwangu kuna kivuli."

Mzee Vuai alikuwa akiitazama ofisi ya kata.

"Pale hakuna wa kurudi, ndugu yangu," Sudi akamwambia taratibu. "Ukipiga pale, nani ataitika?"

"Hakuna."

"Basi utampigia nani?"

"Aliniambia ameusikia," akasema Mzee Vuai. "Mimi na yeye tunajua hakusikia."

Mzee akalowesha ulimi wa zumari, akavuta pumzi, nayo ikaingia yote.

Sasa pimeni wenyewe. Bila Mize, moshi ungeimeza pumzi ile. Bila Nesi, dawa ingeendelea kuzitibu kuta. Bila Sudi, mzee angekuwa bado juu ya mkokoteni. Na bila yule aliye kaburini, asingeitaka pumzi hiyo kiasi cha kuvumilia nguzo moja kwa asubuhi.

Najua kila mmoja wenu aliyekaa hapa ana mtu wake aliye mbali, kwa hiyo hakuna hakimu safi hapa, hata mimi. Lakini amueni haraka. Mzee ameishika pumzi, na mtu mwenye pumu haishiki kwa muda mrefu. Mnamgeuza aelekee mlango gani?