Chipu Nne za Nyati

Mpo?

Tupo!

Mmekaa?

Tumekaa, masikio tumeyaacha wazi.

Basi ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya kiangazi, saa kumi na mbili na dakika kumi na saba asubuhi. Dakika nazijua kwa sababu Kindi aliziandika, na Kindi haandiki dakika za kukisia.

Kindi ndiye aliyekuwa mtunza muda wa Mbio za Chemchemi. Kila mkimbiaji alifungwa chipu mguuni, kidude kidogo kama punje ya hindi, na kila chipu ilikuwa na jina la mwenyewe. Kwenye mstari wa mwisho ulitandikwa mkeka mweusi. Chipu ikipita juu ya mkeka, mashine inalia piii, na jina linajiandika. Atakayeandikwa wa kwanza atakunywa wa kwanza kiangazi kizima, wa pili atakunywa wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Na kila mwaka anayekunywa nyuma ya Nyati hukuta tope.

Dakika hiyo ya kumi na saba Nyati akafika mezani, gidi, gidi, gidi. Kindi akamwamkia, Nyati hakuitika. Akauliza mkimbiaji mmoja hufungwa chipu ngapi. Kindi akamwambia moja.

"Na mimi nina miguu mingapi?"

"Minne, Mzee."

"Basi nifunge nne. Nikifika nachukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Nina kiu mimi."

Kindi akataka kukataa. Akazitazama zile pembe, akautazama mkia wake mwenyewe, hakukataa. Akaona aibu, akafungua sanduku.

Sandukuni zilikuwa zimebaki chipu tatu ambazo wenyewe hawakuzifuata: ya Kobe, ya Digidigi na ya Nungunungu. Walikuwa wamejiandikisha, kisha wakasikia Nyati anakimbia, wakabaki nyumbani. Mwaka jana alimkanyaga Kobe njiani, gamba likapata ufa. Kindi akazitazama chipu zile, na hila ikamrukia kama kiroboto. Mguu wa mbele wa kulia akafunga ya Kobe. Wa mbele wa kushoto, ya Digidigi. Wa nyuma wa kulia, ya Nungunungu. Wa nyuma wa kushoto, ndipo akafunga ya Nyati mwenyewe.

"Zote zangu hizi?"

"Zote ziko miguuni mwako, Mzee."

Saa moja kamili filimbi ikalia. Nyati akaondoka na vumbi lake, tifu, tifu, tifu. Nyuma yake akaondoka Swala, ti-ti-ti-ti. Swala alikuwa amefanya mazoezi masika yote, kwa sababu kiangazi kilichopita mtoto wake alikunywa tope akaharisha, nusura afe. Kindi alilijua hilo. Kila alfajiri alimwona akipita chini ya mti wake, ti-ti-ti-ti, na mtoto akimsubiri majanini.

Dakika ya arobaini na mbili Nyati akatokea. Akaukanyaga mkeka kwa miguu ya mbele, piii, piii. Akavuta ya nyuma, piii, piii. Kindi akasoma karatasi kwa sauti: wa kwanza Kobe, wa pili Digidigi, wa tatu Nungunungu, wa nne Nyati.

Wanyama walicheka mpaka wakakaa chini. Kobe mwenyewe wakati huo alikuwa nyumbani, hajamaliza kifungua kinywa.

"Kobe amenipita wapi?" Nyati akauliza.

"Mashine ndivyo ilivyoandika, Mzee. Au chipu yake ulikuwa nayo wewe?"

Nyati akaitazama miguu yake. Akaona akikiri amejishtaki mwenyewe. Akaondoka.

Hapo hadithi ingeisha, tungekwenda zetu kulala, kama si piii ya tano. Alikuwa Swala. Akasikia nafasi yake, akasogea mezani akihema.

"Dada Kindi, mbele yangu nilimwona Nyati peke yake."

Na Kindi, ambaye hakosei hata sekunde, akajibu, "Mashine haidanganyi, dada."

Swala akaomba radhi kwa kuuliza. Akaenda kumwambia mwanawe kwamba watakunywa wa tano, nyuma ya Nyati.

Kindi akakunja nyaya, akaona aibu. Akakung'uta mkeka, akaona aibu. Jioni Kobe akamletea uyoga wa shukrani. Akaupokea, akaona aibu, ukamshinda kumeza.

Sasa, mbio hizo zina kanuni. Matokeo hubandikwa kwenye jiwe la chemchemi, na pingamizi hupokelewa mpaka jua la kesho yake lichomoze. Likishachomoza, hata Tembo hawezi kuyabadilisha.

Jumapili, saa kumi na mbili kasorobo, foleni ilikuwa imeshapangwa: Kobe, Digidigi, Nungunungu, Nyati, kisha Swala na mtoto, kisha wengine. Kindi akashuka mtini na karatasi mpya. Akasema ana pingamizi. Wakamuuliza dhidi ya nani.

"Dhidi yangu."

Akaeleza nani alidai chipu nne, nani alizifunga, na zilikuwa na majina ya nani. Hakuruka kitu. Kobe akamtazama, kisha akaingiza kichwa ndani ya gamba. Afadhali angemtukana.

Akabandika karatasi. Wa kwanza, Swala. Ambao hawakukimbia watakunywa baada ya waliokimbia. Nyati, aliyebeba chipu za wenzake, baada yao. Mtunza muda, wa mwisho kabisa.

Mtoto wa Swala akanywa maji yanayoonyesha changarawe za chini, gubu, gubu, gubu. Wengine wakafuata. Nyati akaingia na miguu yote minne, akavuruga, akashiba, akageuka.

"Na wewe, Mama Saa, umeshika nafasi ya ngapi?"

"Nyuma yako, Mzee."

Akasubiri atoke. Akainama, akanywa lile tope.

Na funzo lake, wasikilizaji, ni hili: mkipanga hila nzuri, msimshirikishe mwenye aibu. Atalala nayo siku moja tu, asubuhi aiharibu.

Hadithi yangu imevuka mkeka, piii. Mwenye pingamizi aseme kabla jua halijachomoza.