Jeneza Ambalo Hakuliomba

Kule Norwei, zamani babu zetu wakiwa bado watoto, alikuwako mkata magogo aliyeishi na mkewe pembeni mwa msitu. Nchi yao ilikuwa na sheria hii: mtu akipokea msaada wa maskini kutoka usharika wa kanisa lake, hata dawa tu, hapigi kura. Baba yake yule mkata magogo alikula uji wa usharika, akafa hajawahi kupiga kura. Mwaka ule alisimama mgombea ubunge aliyeahidi kuifuta sheria ile. Uchaguzi ulikuwa Jumatatu.

Siku chache kabla, mkewe akashikwa na homa ya mapafu.

"Mume wangu, nenda kwa mzee wa kanisa umwombe daktari."

"Nikiomba leo, Jumatatu watanirudisha mlangoni. Vumilia kidogo. Nikishapiga kura tu, naenda mbio."

Mke akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Haya. Nitakohoa taratibu, nisije nikakuharibia uchaguzi."

Majirani walikisikia kikohozi kile wakipita kwenda kisimani. Wakapita.

Jumatatu hakuiona. Alikufa Ijumaa alfajiri.

Mnadhani usharika ulikaa kimya? Hata. Kabla ya adhuhuri mzee wa kanisa alikuwa mlangoni, na nyuma yake wanaume wamebeba jeneza la mbao mpya, limepigwa randa vizuri. Wanawake wakaja na mikate na kahawa. Hakuna aliyewaita. Mume akawashika mikono, mmoja mmoja, akawashukuru. Jumapili wakamzika.

Jumatatu akavaa koti lile lile la mazishi, akaenda kupiga kura. Aliyeketi mezani alikuwa yule yule mzee wa kanisa.

"Ndugu yangu, pole sana. Jina lako limeondolewa."

"Kwa nini? Mimi sikuomba kitu."

"Jeneza lilitoka mfuko wa maskini."

"Mlilileta wenyewe!"

"Nawe ukalipokea. Sheria haiulizi nani aliomba."

Mume akasema, "Kumbe njia ya kufika kwangu mlikuwa mnaijua."

Akageuka, akaenda zake.

Wapendwa, msiharakishe kumhukumu yule mume. Alikosea, naye alijua. Kila alipoamka alilijua hilo bila msaada wetu. Tujitazame sisi. Sheria ile hatuna. Je, anayeuguza nyumbani kwake anathubutu kutuomba? Akiomba nauli ya hospitali tunasema, "Huyu naye, kila siku yeye." Akiomba mara ya pili tunaacha kupokea simu. Mgonjwa akifa, kundi la WhatsApp linafunguliwa mwili haujapoa: turubai, viti, sufuria za pilau, basi la kwenda makaburini, na sare juu yake. Fedha hizo wiki iliyopita zilikuwa wapi? Wapishi wale, ambao hawakupeleka hata kikombe cha uji, walikuwa wapi?

Nami nawaambia, katika mitaa yetu yuko mtu anayekohoa taratibu ili asitusumbue. Mnamjua. Leo tukitoka hapa, kabla hatujaenda kula, tupite kwake, na tusiende mikono mitupu. Tusingoje atuombe. Jeneza hatujawahi kungoja kuombwa.