Mkufu Uliong'aa Kisimani

Sogeeni. Na wewe unayejitazama kwenye simu, iweke chini kidogo, maana hadithi hii inakuhusu.

Miaka mia mbili na hamsini nyuma, katika mji wa Pate, Bibi Barke aliishi na wajukuu zake watatu, mabinti wazuri na wenye kujua kwamba ni wazuri. Shee alikuwa na kioo cha fremu ya fedha, akijitazama mpaka wali unaungua. Zena alikuwa na shuka ya hariri nyekundu kutoka Surati, Bara Hindi, na hakuitoa nje isije ikanyeshewa. Mwanatumu alijivunia mikono yake. Haikuwahi kushika mchi, na siku hiyo ilikuwa imepakwa hina, kwani alikuwa anaolewa kesho yake.

Bibi aliwasema asubuhi na jioni. Dunia mapito, nyinyi mmeng'ang'ania vitu, mimi ujanani sikuwa hivyo.

Alasiri ile Bibi akatoweka. Walimtafuta chumba kwa chumba, hadi wakamsikia akiita kutoka kisima kikavu nyuma ya nyumba. Wanaume walikuwa wamekwenda kuleta ng'ombe wa karamu, kamba wamechukua wao, na kuta za kisima zilikuwa zinameguka. Wangesubiri, Bibi angefukiwa.

Shee akakinga jua kwa kioo chake, akamulika chini kisimani. Mwanga ukatua shingoni kwa Bibi, na shingo ikang'aa dhahabu. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa ameficha mkufu kwenye tundu la ukuta wa kisima, akishuka kwa vidato vya mawe kuuvaa peke yake. Leo kidato kilivunjika.

"Nilitaka kuona kama bado unanipendeza," Bibi alisema kutoka chini.

Zena aliitazama shuka yake, machozi yakamlengalenga. Kisha akaipasua, akaviunga vipande kwa mafundo, akateremsha. Bibi akajifunga kiunoni.

Lakini Zena alikuwa mwembamba, peke yake hakuweza. Mwanatumu akaishika hariri kwa mikono yenye hina mbichi, akavuta huku analia. Hina ikavurugika, viganja vikachubuka. Bibi alipofika ukingoni na kuanza kuteleza, Shee aliachia kioo ili amdake mkono. Kikaanguka kisimani, kikavunjika.

Bibi alipopata pumzi alivua mkufu, akasema ni wa mmoja wao, aliyefanya kubwa zaidi, auvae kesho harusini.

Basi shukrani ikageuka ugomvi. Shee alisema bila mwanga Bibi asingeona pa kukanyaga, na kioo hakiungiki. Zena alijibu kwamba mwanga haujawahi kumpandisha mtu. Mwanatumu akafungua viganja vyake.

"Kesho nyinyi mtatazama," alisema. "Mimi ndiye nitakayetazamwa, na mikono hii."

Bibi alipoona mambo mazito, alipendekeza mkufu abaki nao yeye mwenyewe. Wote watatu wakamkatalia, wakamkumbusha kwa adabu kwamba wanajua alikutwa wapi, na shingoni alikuwa na nini.

Sasa kumekucha, na wanawake wa upande wa bwana harusi wanapiga hodi. Bibi ameushika mkufu, na anajua kwamba kila atakayenyimwa atakwenda kumsema mji mzima. Shee, Zena, Mwanatumu, au Bibi mwenyewe? Mlango unafunguliwa, ndugu yangu, amua upesi: wewe ungemvika nani?