Mbuzi wa Mwanakheri

Jumbe Kingaru aliposikia kwamba maziwa ya mbuzi hutuliza tumbo, alikwenda moja kwa moja kwa Mwanakheri. Mwanakheri alikuwa na mbuzi mmoja tu, na mtoto aliyemwachisha ziwa juzi.

"Mbuzi huyu namchukua."

"Chukua, Jumbe. Ngoja nimfute chuchu kwanza. Ila wazee walisema maziwa ya kunyang'anya huwa machungu."

"Wazee wako walikuwa na domo!"

Kabla ya adhuhuri Jumbe alirudi akimburura mbuzi, huku akitema mate.

"Umekunywa, Jumbe?"

"Funda moja! Shika mbuzi wako, na wazee wako pia!"

Mwanakheri alimwosha mbuzi chuchu kwa maji ya vuguvugu, akamkamulia mwanawe. Kisha akakirudisha darini kipande cha shubiri, kile kile alichojipaka juzi kumwachisha mtoto ziwa.