Jina Ambalo Shombo Alimpa Mkewe

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa huko nyuma, midomo imeshonwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale walikuwapo fisi mume na mke. Mume, Shombo. Mke, Bi Makeke. Kundi zima lilimsikiliza Bi Makeke. Wakikuta nyama, yeye huzunguka kwanza, hunusa upepo, nff! nff! Akiona salama husema, "Kuleni." Ndipo kundi hula.

Shombo roho ikamuuma. Chakula hakimpiti, usingizi haumjii. Wivu, jamani! Kila apitaye, "Shikamoo, Bi Makeke!" Yeye Shombo hata hujambo hapati.

Siku moja akapasuka mbele ya wote. "Mnaongozwa na jike! Tena huyu si jike, si dume. Ni jikedume!"

Fisi wakacheka, hihihiii! Bi Makeke hakucheka.

"Baba watoto, unautaka ukubwa?"

"Nautaka!"

"Haya, chukua."

Kesho yake wakakuta pundamilia amekufa. Fisi wakasimama, wakamtazama Shombo.

"Mkubwa, hatunusi upepo kwanza?"

"Kunusanusa ni mambo ya kike. Mimi nakula!" Akazamisha kichwa tumboni mwa pundamilia, nyafu! nyafu!

Simba akatokea nyuma yake. Ngurrr! Fisi wakatimua mbio. Shombo anachomoa kichwa, simba huyo, kamkanyaga mgongo, pu!

Ukubwa wote ukamtoka. Akalia, "Jikedumeee! Jikedume, nakufa!"

Bi Makeke akaja, vuuu! manyoya yamesimama. Akamng'ata simba paja. Akapaza sauti, "Rudini!" Fisi wakarudi, maana aliyeita ni yeye. Simba akawaona wamekuwa wengi, akaenda zake.

Bi Makeke akamwinamia mumewe. "Umeniitaje?"

Shombo akainuka. Wivu ulikuwa bado unamtafuna, ila pumzi alikuwa nayo, na aliyempa alimjua.

"Nimekuita jina lako," akasema.

Ndiyo maana hata leo wenye wivu hulitamka jina hilo kwa kebehi, lakini wakibanwa huliita kwa kelele.

Sikieni, wakubwa kwa wadogo: anayeongoza vizuri mfuate, na akiwa mwanamke mfuate vilevile. Wivu hauongozi kundi.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyenuna, akanunie kwake.