Ishirini ya Nini?

Namba bila kipimo ni mgeni bila kwao. Mmesikia bibi zenu wakimtania mwenye duka kwa maneno haya, nanyi mnaniuliza yalitoka wapi. Yalitoka hapa hapa, wadogo zangu, kwenye zahanati yetu, na mimi nilikuwepo.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni fundo la kanga. Mwanangu Salha alikuwa mgongoni, anachemka kwa homa, na fundo lilikaa palepale kifuani pangu kama siku zote, maana mtoto hakuwa amenenepa. Shemboza, karani, alikuwa amempima na kuingiza uzito wake kwenye kompyuta mpya. Sista Atupele akatazama kioo cha kompyuta.

"Ana malaria. Uzito, ishirini. Hongera mama, safari iliyopita alikuwa na nane na nusu!"

Nikampapasa miguu. Ilikuwa ile ile myembamba. Labda homa huongeza uzito, nikawaza. Labda mashine inaona nisichokiona. Sista alikwishaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Mwenyewe alishatufundisha kliniki kwamba dawa ile hufuata uzito wa mtoto, ikizidi inasimamisha moyo.

"Ishirini ya nini, sista?"

"Ya mwanao! Ulidhani ya nani?"

Foleni ikacheka. Bibi Mwamvita akadakia, "Mwache, sista. Anamlisha mawe huyo, sasa anaona haya."

 Nikafungua kanga, nikamweka Salha mikononi mwa sista. Akampokea, akampandisha na kumshusha.

"Shemboza! Hebu njoo. Huyu ni ishirini huyu?"

Karani akaja, akabonyeza, akashika kichwa. Wafadhili wanataka uzito kwa ratili, akasema, kwa hiyo programu inabadili kilo. Ikishabadili hairudishi kitu kimoja, inarudisha fungu: namba pamoja na kipimo chake.

"Nilichomoa namba tu, nikaiweka kwenye nafasi ya uzito. Neno ratili nikaliacha ndani ya fungu. Mtoto ana kilo tisa, sista."

"Ratili!" Bibi Mwamvita hakucheka tena. "Tulinunulia sukari zamani. Hata nusu kilo haifiki. Wewe Shemboza mjukuu wangu, umetuletea mgeni, hukutuambia kwao wapi, nasi tukamkaribisha mpaka kwenye damu ya mtoto!"

Sista akaimwaga ile dawa, akavuta nyingine, chini ya nusu.  Salha alipona, na maneno ya bibi yakatoka zahanati yakaingia sokoni, kila mwaka yakifupishwa kidogo.

Watu husema siku ile nilijua kosa lilipo. Sikujua. Ratili sikuwahi kuisikia, na fungu la Shemboza mpaka leo silielewi vizuri. Namba bila kipimo ni mgeni bila kwao. Nilichofanya ni kumuuliza mgeni kwao ni wapi. Darasani sikuwahi kuuliza, hata siku moja, mpaka nikaacha shule. Neno nililolihitaji lilikuwa moja tu, na leo nalisema mbele yenu: mwalimu, sijaelewa.