Pedi Moja ya Watu Watatu

Nikisema "Pedi!" nyinyi itikieni "Pisha!"

Pedi!

Naam. Tena wa kule nyuma sijawasikia. Pedi!

Haya, sasa mko macho. Hadithi yangu si ya zamani ile ya sungura na fisi. Ni zamani ya juzi tu, Mbeya, mtaani kwetu, kwenye banda la gemu la kaka Ipyana. Banda lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: benchi moja refu, pazia la kanga mlangoni, TV ya chogo, na mashine moja kuukuu iliyofungwa mpira wa baiskeli tumboni ili isifumuke. Nje baridi ya mwezi wa saba inakata masikio, ndani watoto tumebanana, tunapumuliana visogoni, na joto tele. Nimelala kwenye mablanketi mazuri tangu wakati huo, lakini joto la namna ile sijalipata tena.

Gemu ilikuwa moja tu, ya kupigana, iliyotokana na katuni ya Kijapani. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani na hakuna aliyeyajua, kwa hiyo wapiganaji tuliwabatiza wenyewe. Palikuwa na Mzee Mvi, mwenye ndevu hadi kiunoni. Palikuwa na Binti Radi, msichana mwembamba mwenye nywele za buluu zilizopindapinda kama radi, niliyempenda kuliko wengine wote. Sheria ya banda nayo ilikuwa moja: apigwaye hupisha. Ukipigwa, unaweka pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, kwenye benchi, unainuka, anakaa mwingine. Uwe mtoto wa mwalimu au wa muuza mkaa, unapisha.

Halafu palikuwa na jambo ambalo mtaa mzima ulilijua. Damu ya mpiganaji wako ikikaribia kwisha, maandishi mekundu yalianza kumulika chini kwenye kioo cha TV. Nani alitufundisha maana yake, simjui, ila tuliapa kuwa maana yake ni "umechoka." Basi yakimulika tu, benchi zima linapaza sauti: "Pumzika! Pumzika!" Na mchezaji anajikinga, anangoja yapite. Tulipumzika hivyo miaka na miaka, na tukishindwa tunasema bahati mbaya.

Sasa wajueni watu watatu.

Wa kwanza ni Gwakisa. Huyu alikuwa na mkono wa kulia. Dole gumba lake lilikimbia juu ya vitufe hata usilione, na ngumi zikatoka mfululizo kama mahindi yanayopasuka kikaangoni. Kasoro yake ni kwamba hakujua kuhama. Alisimama pale pale akipiga, kama mwenye nyumba anayefukuza mbuzi, na mwenye akili angeweza kumzunguka. Hata hivyo mtaani kwetu hakuna aliyemweza.

Wa pili ni Sekela, msichana pekee, ukiniacha mimi, aliyekaa benchi moja na wavulana bila kuomba ruhusa. Huyu alikuwa na mkono wa kushoto, ule wa mishale. Mpiganaji wake aliruka, akainama, akarudi nyuma, akapita chini ya mguu wa mtu. Kumgusa huwezi. Tatizo ni kwamba naye hakugusi. Muda wa raundi ulikwisha watu wakipiga miayo, na Ipyana akisema, "Sekela, mdogo wangu, kupigwa hutaki na kupiga hujui. Umekuja kufanya nini?" Sekela anajibu, "Nimekuja kukaa." Na anakaa.

Wa tatu ni Lusajo. Huyo gemu hakuijua kabisa. Alipigwa na kila mtu, hata na wale wa chekechea, akapisha huku anacheka. Ila shangazi yake alikuwa na kanda za ile katuni yenyewe, na Lusajo alikuwa ameitazama yote, mwanzo hadi mwisho, kwa Kijapani, bila kuelewa neno. Hadithi aliipata kwa macho, kisha akatusimulia sisi benchini tukisubiri zamu. Tulimwambia, "Acha kutunga!" Lakini tukasogea karibu tusikie.

Basi ikaja siku ambayo mama mzazi wa Ipyana, Bibi yetu sote, alitakiwa kuhamia mjini kwa mwanawe. Miguu ilikuwa haimbebi tena, na chumba cha mbele ndicho pekee kisicho na ngazi. Ipyana akatuambia banda linafungwa.

"Na mashine, kaka?" akauliza Gwakisa.

"Mashine nilipewa na marehemu kaka yangu, alipokuwa akifanya kazi kwenye treni. Kitu cha marehemu siuzi. Kitapiganiwa hapa hapa, atakayeshinda aende nacho kwao."

Habari ilivuka mto. Upande wa pili alikuwako Zabroni, kijana mkubwa aliyeanza kuota ndevu, bingwa wa mabanda ya kule. Alikuja siku hiyo hiyo na kofia yake ya sufu, akatusalimu vizuri, akasema, "Mimi nikishinda naipeleka Tunduma kwa binamu yangu. Nisiwafiche." Hakuwa na ubaya. Lakini sisi tuliosikia neno Tunduma tulijua kwamba mashine ikipanda gari la huko, Binti Radi hatutamwona tena maishani. Tegemeo letu likawa Gwakisa.

Na Gwakisa, mpumbavu yule ninayempenda hadi leo, siku moja kabla ya pambano akapanda mparachichi wa jirani. Tawi likakatika. Asubuhi ya pambano aliingia bandani mkono wa kushoto umefungwa hogo, plasta nyeupe kutoka kiwiko hadi kwenye vidole. Wengine walianza kulia, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Sekela yeye akauliza tu. "Mkono wa kulia unao?"

"Ninao."

"Mimi nina wa kushoto. Sogea."

Akakaa ubavuni mwake, akashika upande wa kushoto wa pedi, Gwakisa akashika wa kulia, mabega yakigusana. Zabroni akamtazama Ipyana. Ipyana akajikuna kichwa.

"Sheria ya banda ni apigwaye hupisha," akasema. "Mikono ya nani ishike pedi, sikuwahi kusema."

"Njooni hata ukoo mzima," akasema Zabroni akicheka, na akamchagua Mzee Mvi. Wenzetu wakamchukua Binti Radi. Raundi ni tatu, wa kushinda mbili ndiye mshindi.

Raundi ya kwanza ilikuwa aibu. Sekela akienda nyuma Gwakisa anapiga hewa, Gwakisa akitaka kupiga Sekela ameruka. Binti Radi alicheza kama mlevi wa sikukuu. Mzee Mvi akamlaza chali, Zabroni hata jasho hakutoka.

"Unaniburuza!" akafoka Gwakisa.

"Unanichelewesha!" akajibu Sekela. Kisha akashusha sauti. "Nisikilize. Usitazame kidole changu. Tazama miguu yake. Nikimfikisha, wewe piga, basi."

Raundi ya pili, Sekela akampeleka. Akapita chini ya ndevu za Mzee Mvi, akatokea mgongoni, na hapo hapo mkono wa Gwakisa ukashuka. Akarudi nyuma, akakwepa, akamfikisha tena, ukashuka tena. Benchi tukasimama juu yake. Mtu aliyepiga bila kuhama na mtu aliyehama bila kupiga wakawa mpiganaji mmoja kamili, na sijaona tena mchezo mzuri kama ule. Raundi ikawa yetu.

Raundi ya tatu Zabroni alivua kofia. Sasa alicheza kweli. Alimbana Binti Radi kwenye kona, akamkata damu kidogo kidogo, hadi ikabaki alama nyembamba tu. Na yale maandishi mekundu yakaanza kumulika.

"Pumzika!" tukapiga kelele wote. "Pumzika! Pumzika!"

Gwakisa akainua dole gumba. Sekela naye alikuwa anavuta mshale ajikinge.

"Hapana!" Lusajo alikuwa amesimama nyuma yao, sauti imepasuka. "Msipumzike! Kwenye katuni huwa anaita radi akikaribia kufa tu! Hajachoka, yuko tayari! Sekela, fanya kama yeye kwenye katuni: nyuma mara mbili, chini! Gwakisa, ngumi na teke pamoja! Sasa!"

Niwaambieni ukweli, pale ilikuwa ni kuamini benchi zima au kumwamini Lusajo, aliyepigwa na watoto wa chekechea. Sekela akavuta nyuma, nyuma, chini. Gwakisa akaangusha dole na kidole kwa pamoja.

Kioo kikawa cheupe. Binti Radi akainua mikono, nywele zikasimama, na radi ikashuka ambayo hakuna mtoto wa Mbeya nzima aliyewahi kuiona ndani ya ile mashine. Miaka yote ilikuwemo humo humo, tunaikalia, tunaambiana tupumzike. Ilipotulia, Mzee Mvi alikuwa chini.

Zabroni aliweka pedi kwenye benchi. Akainuka, akapisha, kama sheria inavyotaka. Kisha akawapa mkono mmoja mmoja, wa Gwakisa akaushika taratibu asimwumize. Tulishangilia hadi majirani wakatoka.

Kelele zilipokwisha Ipyana akaichomoa mashine. Akaifunga kwenye kitenge, akaipakata.

"Nani anaondoka nayo?"

"Wote watatu!" tukasema. "Wapokezane. Wiki hii huyu, wiki ijayo yule."

Ipyana akatikisa kichwa. Akatuonyesha tumbo la mashine pale mpira wa baiskeli ulipobana. "Waya zake zimebaki kushikwa na uzi tu. Fundi ameniambia inaweza kuhama mara moja tu, ikawashwa, ikaachwa pale pale. Mkiizungusha, itakufa njiani. Semeni nyumba moja."

Gwakisa akasema, "Mimi ndiye niliyempiga. Miguu haimlazi mtu, mtu analazwa na ngumi. Na nilicheza nimevunjika."

"Ulivunjika kwa kupanda miti," akasema Sekela. "Bila mimi ungekaa pale na hogo lako unatazama mashine ikipanda gari. Hiyo ngumi yako ingemfikia nani?"

Lusajo alikuwa anatazama sakafu. "Ngumi mnazo, miguu mnayo," akasema polepole. "Lakini mngekuwa mmepumzika."

"Wewe hata pedi hukuigusa!" Gwakisa akamrukia kwa maneno, na mara akaona haya, kwa sababu Lusajo alikuwa rafiki yake tangu wanajifunza kutembea.

Tukamwuliza Zabroni, maana aliyepigwa ndiye anayejua kilichompiga. Akavaa kofia yake, akafikiri. "Mkono uliniuma. Miguu ilinichosha. Lile neno ndilo sikulitegemea. Lakini msinitie kwenye ugomvi wenu, mimi narudi kwetu."

Benchi likagawanyika, na halikugawanyika kwa haki peke yake, maana tulijuana majumbani. Kwa kina Gwakisa kuna umeme na sebule kubwa, na baba yake hana neno na wageni. Ila tulimjua Gwakisa: angekuwa mfalme, na sheria ya kupisha ingebaki bandani. Kwa kina Sekela umeme upo pia, lakini mama yake alikwisha kusema wavulana hawaingii ndani kwake. Sisi wasichana, hata wale walioishia kuchungulia mlangoni miaka yote, tungeshika pedi wa kwanza, na wavulana wangebaki barabarani. Na kwa kina Lusajo hakukuwa na umeme. Nguzo zilikuwa zimeishia nyumba ya jirani.

"Umpe Lusajo mashine aifanyie nini, aitazame?" mmoja akasema.

"Umeme utakuja," akasema Lusajo. "Nitaitunza hadi uje. Sitaigusa." Na kila mtu alijua kwamba asingeigusa kweli.

Wakati huo gari lilisimama mlangoni. Bibi alikuwa amefika na magodoro yake. Wakubwa wakambeba hadi benchini kwetu, akakaa pale tulipokaa sisi, akagusa ukuta wa chumba chake kipya. "Ndaga, wanangu," akatushukuru kwa Kinyakyusa, "mmenipisha." Kisha akamwona mwanawe amesimama na mzigo wa kitenge, na watoto watatu mbele yake, na hakuna anayemtazama mwenzake. "Kuna msiba gani hapa?"

Akaelezwa. Akasikiliza yote, hata ya radi. Akasema, "Mimi ni mgeni, siwezi kuamua. Waulizeni waliokuwepo."

Ipyana akatugeukia sisi wa benchi. "Haya, nyinyi mliokuwepo."

Na wale watatu wakanyoosha mikono kuipokea: Sekela miwili, Lusajo miwili, Gwakisa mmoja. Nilijua kwamba jina lolote litakalotoka kinywani mwetu, wawili watarudi nyumbani mikono mitupu, na hawatatembea tena njia moja kama walivyokuja asubuhi.

Mimi nilitaja jina. Aliyekaa kulia kwangu akataja jingine, na wa kushoto akataja la tatu. Langu siwaambii, mtaliiga.

Kaka Ipyana bado amesimama pale mlangoni, mikono inamwuma kwa uzito, na Bibi anataka kulala. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na mdomo uliosema "sasa." Nyumba ni moja. Wewe uliyekaa hapa mbele, anza wewe: ungempa nani?